Fundi cherehani wa Bariadi anayemrushia mama yake ndege

Saa moja na nusu asubuhi, pasi ya mkaa ya Kristofa Ndaki imeshapata moto, lakini mwenye suruali atasubiri. Kinachopigwa pasi ni bawa la ndege.

Lina urefu wa mita moja na nusu. Mbavu zake ni za mti mwepesi ambao wavuvi wa ziwani hutengenezea maboya, na juu yake limevishwa kitambaa chekundu cha pamba. Kristofa anachovya kidole kwenye wanga wa muhogo, anagusa mshono, kisha anapitisha pasi taratibu mpaka kitambaa kinakaza na kulia kikigongwa.

"Kola na bawa ni ndugu," anasema bila kuinua macho. "Ukikosea wanga, vyote vinalala."

Kristofa ana miaka 47. Katika banda lake mjini Bariadi anashona sare za shule, na ndizo zinazolisha nyumba. Mwezi wa shule kufunguliwa hupata kama shilingi laki tatu. Miezi mingine hushukuru akipata nusu yake. Ndege zake hazijawahi kununua hata kibaba cha unga. Mota, betri na rimoti vilimeza kazi ya sare thelathini na mbili, hesabu ambayo mke wake bado anaikumbuka vizuri kuliko yeye.

Anachounda ni ndege za mtindo wa kizamani: bawa limekaa juu ya paa, pangaboi moja puani, mkia unaoburuzwa chini. Vijana humuuliza kwa nini asitengeneze ndege za kisasa zenye kasi.

"Nawaambia mimi natengeneza ile iliyonibeba," anasema na kucheka. "Niliipanda nikiwa tumboni."

Ilikuwa masika ya mwaka 1978. Mama yake, Felisita Bundala, alikuwa ameshikwa na uchungu siku mbili huko kijijini Sapiwi, na mto ulikuwa umejaa, gari halipiti. Ujumbe ulifika misheni, na ndege ndogo ya daktari ikaja kutua kwenye malisho. Wanaume walimbeba Felisita juu ya kitanda cha kamba. Mama mkwe wake, akiona wageni wengi, akamfunika uso mzima kwa kanga.

"Nilipanda ndege, sikuiona," anasema Felisita, sasa mwenye miaka 73. "Niliteremshwa hivyo hivyo nimefunikwa. Mtoto akazaliwa usiku ule, Sista akampa jina la mtakatifu wa wasafiri. Rubani alishaondoka. Hata asante sikumpa."

Jambo hilo lilimkaa moyoni miaka yote. Kisha presha ya macho ikamwingia. Jicho la kushoto limezimika kabisa, na la kulia linaona vitu vikubwa tu vyenye mwanga mzuri. Daktari alimweleza Kristofa bila kuzunguka: dawa ya matone italinda kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi.

"Nikajua sina muda," anasema Kristofa. "Lazima mayu, mama yangu, aione ile ndege kabla jicho halijafunga."

Ushonaji aliujua, mambo ya umeme hakuyajua. Aliyemsaidia ni Gregory, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa Bariadi kutoka Moshi, ambaye alimtafutia michoro ya zamani na kumfundisha kushika rimoti. Kristofa anamtaja kila baada ya sentensi mbili. "Yule mwalimu hakuchukua hata soda. Mungu amzidishie."

Jaribio la kwanza lilikuwa Juni mwaka huu, kwenye malisho yale yale ya Sapiwi. Ndege ilipaa vizuri, lakini ilikuwa nyeupe na mawingu yalikuwa meupe. Felisita aligeuza kichwa huku na huku asione kitu. Upepo ukaisukuma ndege, ikaenda kutua katikati ya ng'ombe wa jirani yao, Mayige. Hadi Kristofa anafika akihema, ng'ombe watatu walikuwa wameizunguka wakiilamba, na upande mmoja wa bawa ulikuwa umebaki mbavu tupu.

Kosa lilikuwa la ufundi. Kristofa alifundishwa kutia chumvi kidogo kwenye wanga ili pasi isinate, na mkono ukazoea. Kwenye kola haina madhara, kwani kola haitui malishoni.

Alipolalamika, Mayige alimjibu kama baba kwa mwanawe: "Ng'ombe wangu hawana kosa, ng'wanawane. Wewe ndiye uliyewaandalia chakula ukatia na chumvi."

Watu walicheka, na Kristofa akacheka nao. Ila alipomshika mama yake mkono kumrudisha nyumbani, alilia njia nzima. Mama yake ndiye aliyembembeleza.

"Nilimwambia ajipe moyo," anakumbuka Felisita. "Nikamwambia pia, nyekundu bado inanifikia."

Ndiyo maana bawa la leo ni jekundu, na kwenye wanga hakuna hata chembe ya chumvi.

Saa nne, jua limepanda na mbingu ya Sapiwi haina wingu. Kibali cha kurusha kimekunjwa kwenye mfuko wa shati la Kristofa. Mayige ameshaswaga ng'ombe wake mbali bila kuombwa. Felisita ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameshika fimbo.

"Mwangaluka mayu," Kristofa anamsalimia akiinama.

"Mwangaluka. Leo umetia chumvi?"

Gregory anaishika ndege mkiani, anaiachia. Inakimbia kwenye majani mafupi, inaruka mara moja, inarudi chini, halafu inanyanyuka. Kristofa anaipitisha juu ya mama yake mara ya kwanza. Fimbo ya Felisita haiinuki. Mara ya pili, bado. Gregory anamnong'oneza aishushe kidogo.

Mara ya tatu Felisita ananyoosha fimbo angani, na fimbo inaifuata ndege inavyogeuka.

"Ile kule," anasema. "Kumbe ilikuwa na mkia!"

Anajikokota kusimama. Anaiacha fimbo ianguke, anainua mikono yote miwili na kupaza sauti ya shukrani ambayo Mayige anaisikia kule aliko: "Wabeja! Wabeja sana, baba!"

"Mayu," Kristofa anamwambia huku machozi yakimtiririka, "mle ndani hamna mtu."

"Najua hamna mtu. Mimi namshukuru yule wa siku ile. Wewe angalia ndege yako."

Ndege inatua salama mbali na kinyesi cha ng'ombe. Felisita anawekewa bawa mapajani, analipapasa mshono kwa mshono, na anauliza itapaa tena lini.

Jumatatu shule zinafunguliwa na sare ishirini bado hazijashonwa, lakini Kristofa anajibu Jumamosi. Ameshaanza kukusanya mbao za ndege nyingine, yenye bawa la mita tatu, nyekundu vilevile. Gregory amemwonya kuwa kubwa kiasi hicho ni kazi ngumu.

"Najua," anasema Kristofa. "Lakini jicho la mayu likipungua, mimi naongeza bawa."