Reli za Bwana Nukaga Zaagwa Hekaluni

Wakala wetu wa silaha ulitangaza rasmi, kwa taarifa iliyosomwa mbele ya waandishi wa habari na kupigiwa makofi, kwamba reli za mzinga wake wa umeme, vile vyuma viwili vya kurushia risasi, hazichakai tena. Kwa hiyo kitengo cha ukarabati wa reli kingefungwa, na fundi wake pekee, Bwana Tetsuo Nukaga, angehamishiwa Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, akasimamie ghala la makoti ya baridi.

Mkewe, Fumie, ana duka la kushona kimono hapa mjini. Alishasema kwamba Hokkaido ataiona kwenye kalenda tu. Nukaga naye hakuwahi kujipikia hata yai.

Meza yangu ilikuwa jirani na yake, ila mimi ni mtu wa mzinga wa koili, yaani nyaya za umeme zilizozungushwa, na watu wa koili na wa reli hutaniana kama mashemeji.

"Nyie mna nini cha kuchakaa?" aliniambia siku ya tangazo, akimenya chungwa. "Risasi yenu haigusi kitu."

"Ndiyo raha yake, mzee. Koili zimepangwa foleni. Moja inawashwa, inaivuta risasi, inazimwa, ya mbele yake inapokea."

"Na ikichelewa kuzimwa?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

"Ikichelewa, inairudisha nyuma," akajijibu. "Kama mume aliyesahau miwani. Yangu haina kurudi. Umeme unaingia reli hii, unavuka kupitia risasi yenyewe, unatokea reli ile, na sumaku inayozaliwa hapo inaisukuma mpaka baharini."

"Huku ikizikwaruza reli na kuziunguza njia nzima."

"Huku ikizikwaruza," alikubali. "Ila kuanzia asubuhi hii haizikwaruzi."

Ilikuwa Februari, mwezi ambao washonaji hupeleka hekaluni sindano zao zilizovunjika. Huzichomeka kwenye tofu, ile jibini laini ya soya, zipumzike mahali laini baada ya maisha ya kutoboa vitu vigumu. Fumie hajawahi kukosa. Mwaka huo Nukaga aliomba ruhusa apeleke na reli zake mbili za mwisho, akaialika ofisi nzima, pamoja na Mkurugenzi Hatakeda, yule aliyeisoma taarifa. Kukataa kuviaga vyombo vya mtu unayemhamisha ni jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mkurugenzi alikuja na suti nyeusi.

"Hizi haziingii kwenye tofu," alisema mtawa, akitazama tunavyohema kuzishusha.

"Tumeleta tofu kubwa," alisema Fumie.

Tukazilaza juu yake. Tofu ikawa uji. Akina mama wa sindano wakatazama pembeni kwa adabu.

Maneno ya shukrani husomwa na mwenye cheo kuliko wote waliopo, na wengine huitikia. Mtawa akampa Mkurugenzi karatasi. Akaanza kwa ile sauti yake ya waandishi wa habari.

"Enyi vyombo, mmechakaa kwa ajili yetu."

Hapo akasita.

"Mmechakaa kwa ajili yetu," tukaitikia nyuma yake, ofisi nzima.

"Tunawashukuru," akaendelea, sauti imeshuka kidogo, "kwa kuchakaa kwenu."

Tukaitikia hilo pia. Mkurugenzi akainama mbele ya reli, akakaa ameinama muda mrefu kuliko desturi inavyotaka.

"Mkuu amesoma vizuri," Nukaga aliniambia tukirudi.

"Ulikuwa unajua maneno yalivyo?"

"Anayekwenda kila mwaka ni mke wangu," alisema. "Mimi hubaki garini."

Mtu aliyezishukuru reli kwa kuchakaa mbele ya watumishi wake wote hawezi, Jumatatu yake, kumhamisha fundi kwa sababu hazichakai. Habari ya Hokkaido haikutajwa tena. Taarifa rasmi nayo haikurekebishwa. Ipo mpaka leo.

Februari iliyofuata, hekalu lilimwomba Nukaga reli zake awe anazileta siku ya peke yake, maana zilizochakaa zilikuwa nyingi mno, wenye sindano wakakosa pa kusimama.