Kila tofali analinunua mara mbili

Saa moja kasorobo asubuhi, lori la mchanga linasimama kwenye kona ya saba ya barabara ya mlimani. Injini inafuka mvuke. Dereva ameshateremka kabla gari halijatulia. Anazunguka magurudumu, analipiga teke hili, analibonyeza lile, anaweka jiwe nyuma ya tairi, analitoa, analirudisha palepale. Ndipo anainua uso na kutazama juu ya ukingo wa barabara, ambako kuta za kijivu zisizo na paa zinachungulia kwenye majani.

"Zile pale ni zangu," anasema. "Ukirusha jiwe linafika. Tofali ndilo halifiki."

Watu wa barabara hii wanamwita Kona. Ana miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye macho yasiyotua mahali pamoja, na kumhoji akiwa ameketi ni kazi bure. Anaongea huku anakaza nati, huku anakagua maji ya injini, huku anaangalia mawingu. Wiki hii ana sababu ya kutotulia. Jumapili ndiyo siku ya kuamua kama zile kuta zitapata paa au zitapata mwenyewe mwingine.

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwapandishia mchanga, kokoto na saruji watu wanaojenga huku juu. Wengi ni watu wa mjini wanaotaka nyumba ya kupumzikia, hewa baridi na madirisha makubwa ya kutazamia bonde.

"Nyumba zote kuanzia kona ya nne kwenda juu zimepita mgongoni mwa gari hili," anasema. "Nimepandisha hata yale mabafu ya kulala ndani ukioga. Mimi mwenyewe naoga kwa ndoo na kopo."

Yeye na mkewe, fundi cherehani, wamepanga vyumba viwili mjini, bondeni. Katika ndoa yao ya miaka ishirini na sita wamehama mara nane. Mara ya mwisho mwenye nyumba aliiuza wao wakiwa ndani, wakapewa wiki mbili. Siku ya kuhama mvua haikuwaonea huruma. Cherehani ilisukumwa kwenye toroli ikiwa imefunikwa kwa godoro, na mteja mmoja akawafuata hadi katikati ya barabara kudai gauni lake la harusi.

"Siku ile niliona aibu," Kona anasema, na kwa mara ya kwanza anainamisha macho. "Mtu mzima. Nimebeba tofali za watu maisha yangu yote, langu sina hata moja."

Akaanza kuulizia viwanja. Cha mjini kilimtaka mshahara wake wote wa miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo asile, asivae, asiugue. Cha mlimani, mishahara ya miezi thelathini, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Na mteremko wenyewe alikuwa anaujua. Kila safari alipumzisha injini kwenye kona hii ya saba, akavuta pumzi, akautazama. Alikuja kuupenda kwa kuuona kila siku, jinsi watu wanavyowapenda majirani.

"Nilipima kwa macho," anasema. "Dereva mzima, barabara ndiyo kazi yangu, nikaenda kununua mahali pasipo na barabara."

Anajicheka mwenyewe kabla hujapata nafasi ya kumcheka. Mwenye shamba aliyemuuzia alimwambia barabara inakuja. "Mwaka wa sita huu inakuja. Nadhani inakuja kwa miguu."

Ardhi ya mlimani ni rahisi kuinunua kwa sababu ughali wake umejificha kwingine. Kwanza ilibidi kuuchonga mteremko kwa jembe na sururu, miezi mitano, hadi pakapatikana sehemu tambarare ya vyumba vitatu na jiko. Kisha fundi mwashi akasema hawekei mtu msingi hapo bila ukuta wa kuzuia udongo. Ukuta huo ulikula saruji nyingi kuliko nyumba yenyewe. Kwa mwaka mzima wapita njia waliona ukuta mkubwa umesimama peke yake mlimani, wakamuuliza Kona kama anajenga gereza.

Halafu kuna suala la kupandisha. Lori linaishia barabarani. Kutoka hapo kuna kijia kinachopinda mara tatu kuukwepa mwamba, na kila kitu kinapanda kichwani mwa mtu. Bei ya kupandisha tofali moja ni sawasawa na bei ya tofali lenyewe. Kwa hiyo Kona kila tofali analinunua mara mbili, mara moja kiwandani na mara ya pili hapa ukingoni.

Kiongozi wa wabeba mizigo ni mwanamke mwenye mabega mapana ambaye wenzake wamemwita Kreni. Hana haya na bei yake.

"Simwonei shemeji yangu," anasema huku akijiviringia kata ya kitambaa kichwani. "Gari lake linataka dizeli, na magoti yangu nayo yana bei. Au nile upepo?"

Lori si la Kona. Tajiri wa gari humruhusu kulitumia Jumapili, dizeli juu yake mwenyewe. Wiki nzuri hupandisha tofali thelathini. Wiki mbaya, kumi. Wiki ya ada ya kitindamimba wao hapandishi kitu, na fundi mwashi huenda kutafuta kazi kwingine, na kumrudisha huchukua mwezi. Ndivyo miaka sita ilivyokwisha na kuta hazijapata paa.

Mwezi uliopita akaja mtu. Ni bwana mwenye nyumba kona ya nane, juu kidogo ya kiwanja cha Kona. Alishuka kwenye gari lake, akatembea ukingoni, akamwambia anataka kukinunua kiwanja, kwa bei mara tatu ya ile aliyonunulia Kona. Hataki kujenga. Anataka tu pasitokee paa la kumzibia bonde. Akaomba ajibiwe kabla ya mvua, akataja Jumapili hii.

Bei hiyo ingewatosha kupata kiwanja kidogo cha tambarare nje kidogo ya mji, na chenji ya kuanzia. Kona anajua hivyo vizuri. Alirudi nyumbani, akala, akalala, hakumwambia mkewe. Kesho yake pia hakumwambia. Ikapita wiki.

Mkewe alizipata habari kwa utingo wa lori, mwanamume mzee kuliko Kona, aliyempelekea suruali ya kutiwa zipu.

"Huyu mwenzangu," Kona anasema, akimwonyesha kwa kidevu, "mdomo wake hauna breki."

Utingo anaendelea kufuta kioo ambacho ni kisafi tayari. "Mimi nilijua mama anajua," anasema.

Ukimtembelea mama mwenyewe mjini, utamkuta kwenye chumba cha mbele, miguu juu ya pedali, sindano mbili kifuani, nguo za watu zimemzunguka hadi dirishani. Anaongea bila kuinua kichwa. Wateja wake ni wa mtaa huu. Aliwapata mmoja mmoja, na kila walipohamishwa aliwapoteza nusu akaanza upya. Kule mlimani hajawahi kukanyaga. Kila mumewe alipomwita, alikuwa na nguo ya mtu.

"Simlaumu kwa kutafuta," anasema. "Namlaumu kwa kunificha. Pesa kama ile inakuja mlangoni, wewe unakaa nayo kimya wiki nzima kama mtu aliyevunja sahani? Halafu huko juu nitamshonea nani? Ukungu?"

Kiwanja kimeandikwa majina yao wawili, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuza wala kukataa peke yake. Kona alimwomba jambo moja tu, apaone kwanza. Mkewe akakubali, akaongeza yake: "Jumapili nitapanda. Nikishuka, tunauza."

Tangu siku hiyo Kona anakula akiwa amesimama. Juzi alipita kiwandani akaondoka bila kupakia, akashtukia yuko kona ya pili na lori tupu. Anasema hamwoni mkewe kuwa na makosa, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

"Pesa ile ni nyingi, sisemi uongo," anasema akipanda kwenye usukani. "Lakini nikiuza, bado kesho nitapita hapa na mchanga wa watu. Keshokutwa nitapita. Injini itataka kupumzika hapahapa. Sasa mimi nitatazama wapi?"

Hangoji kujibiwa. Lori linaguna na kupanda.

Jumapili iliamka na mawingu mazito. Mkewe alikataa kupanda lori, akasema atakuja kwa wakati wake. Kona alifika mapema, akawa anashuka ukingoni na kurudi, anashuka na kurudi, mpaka fundi mwashi akamwambia akae chini maana anamchanganyia hesabu ya tofali.

Gari la abiria linaishia kona ya nne. Kutoka hapo mama alitembea. Karibu na saa tano alitokeza kwenye kijia nyuma ya wanawake wa Kreni, viatu mkononi, anahema hadi hawezi kusalimia.

"Shemeji, huyu nimekupandishia bure," Kreni akamwambia Kona, akashusha tofali lake na kuondoka.

Mama hakukaribishwa popote maana hapakuwa na pa kukaa. Aliweka mkono kwenye ukuta wa kuzuia udongo, akausukuma kidogo, ukamkatalia. Akaingia ndani. Akasimama katika kila chumba. Kona akamfuata nyuma akitaja: hapa sebule, hapa chumba chetu, hapa jiko. Hakuna aliyemuuliza. Hatimaye mama akasimama kwenye nafasi ya mlango mkubwa, upepo ukaja moja kwa moja kutoka bondeni na kumvua mtandio.

"Mlango huu nani kauweka upande huu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Kona akajikuna shingo. "Ili nikikaa nilione gari pale kwenye kona."

Mama akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyejipaka masizi.

"Upepo wote huu uingie humu? Vitambaa vyangu si vitaruka mpaka kwa huyo bwana wa kona ya nane?"

Fundi mwashi ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaacha mwiko wake hewani. Kisha akakumbuka kazi yake, akaeleza kwa adabu kwamba boriti ya zege imeshamwagwa juu ya mlango ule, kwamba kuuhamisha ni kubomoa ukuta mzima wa upande huo, na kwamba hata matofali yatakayopona kwenye kubomoa hayatazidi nusu.

"Baba," mama akamwambia mumewe, "unasikia anavyosema fundi?"

"Nasikia."

"Bomoa."

Kona hakumngoja fundi ashuke kwenye jukwaa. Alichukua nyundo mwenyewe.

Baadaye, akiwa ameketi juu ya mfuko wa saruji na vumbi limemjaa kwenye nyusi, mama alieleza kilichompata njiani. Alipanda akiwa na maneno yake yote ameyapanga. Alikuwa ameanza hata kuyasema peke yake. Lakini kuanzia kona ya nne kwenda juu alikuta nyumba baada ya nyumba ya vioo, na kwenye vioo hivyo watu wametundika mashuka, kanga, magazeti.

"Nyumba moja tu ina madirisha kumi na moja," alisema. "Nilikuja kugombana, nikajikuta nahesabu."

Mpango wao sasa ni kuhamisha mlango kabla mvua haijakaza na kuezeka chumba kimoja kwanza, kile chenye mwanga mwingi, ambacho kitakuwa cha cherehani. Vile vya mjini watabaki navyo hadi mwisho wa mwaka, mpaka gauni la mwisho lichukuliwe. Pesa ya mabati haijulikani itatoka wapi. Kona anasema hilo linamsumbua, ila ni usumbufu wa aina nyingine.

Saa tisa simu yake ikalia. Alikuwa bwana wa kona ya nane, anataka jibu lake. Kona akamtazama mkewe, simu mkononi.

"Mwambie hatuuzi," mama akasema. "Halafu muulize mapazia anashonewa na nani."