Nura Abaki

Mzee Zablon, katekista wa karibu na Mumias, hakumpa mtoto wake jina la Kizungu kabla ya kumuuliza padri maana yake. Norman, mtu wa kaskazini, naye mpaka leo hajafika hata Kitale. Justus, mwenye haki. Celestine, wa mbinguni, jina la Warumi wa kale lililopita mikononi mwa Waingereza hadi likatua jikoni kwa mama yao. Tangu simu ya Celestine inyamaze huko Jeddah alikokwenda kufanya kazi za nyumbani, mama alilichukia jina hilo. Wa mbinguni! Nani alimtuma mzee kumwombea mtoto mbingu mapema hivyo?

Justus alikuwa dereva Riyadh. Bosi wake alimpachika jina la Jamal siku aliyompokea uwanja wa ndege, kwa kuwa dereva aliyetangulia aliitwa Jamal na watoto wa nyumba walishamzoea. Justus alicheka, akaitika. Kazi ni kazi, alijiambia.

Bosi alipokwenda Jeddah kwa arusi, Justus alimwacha ukumbini, akaendesha hadi Al-Safa, mtaa alikofanya kazi Celestine. Dada yake aliwahi kumtumia picha ya nyumba na ramani yake, hivyo hakupotea. Alisimama nje, akaita jina la dada yake kwa nguvu. Madam wa nyumba alifungua lango nusu, akamwambia mafi Celestine, hakuna Celestine, hapa yuko Nura peke yake, kisha akalifunga.

Justus alirudi garini akiwa amenywea. Hapo bosi akapiga simu. "Jamal, uko wapi?" Naye akajibu upesi, "Naam, bosi."

Alijisikia akiitikia Jamal, ndipo akaelewa Nura ni nani. Jamani, kwao Mumias ni mbwa anayerithi jina la mbwa aliyekufa! Binadamu hupewa lake, likaulizwa maana, likamwagiwa maji kanisani, watu wakala na kunywa. Na yeye, mwenye haki, alikuwa ameliachia lake kirahisi, tena akicheka. Alimkasirikia madam, akamkasirikia bosi, lakini hasira kali zaidi aliielekeza kwake mwenyewe. Alishuka, akalipiga lango kwa ngumi mpaka likafunguliwa.

"Basi niitie huyo Nura," alisema.

Madam, akitaka kelele ziishe, aliita ndani. Akatoka Celestine, amekonda, mikono ina povu la sabuni. Justus alimuuliza kwa nini hakutoka alipomwita mara ya kwanza.

"Nilikusikia, Justus. Ameapa nikiitikia jina hilo sitaona nyumbani tena. Mkataba wangu uliisha kitambo. Kila nikimuuliza, ananicheka. Anasema Celestine ndiye aliyemaliza mkataba. Nura bado."

Justus alilishika lango lisifungwe tena. Alimwambia dada yake aende kwenye gari. Kule mtaa wa Ruwais kulikuwa na Keziah, mama wa kanisa lao, ambaye angempa mahali pa kulala. Pasi yake ya kusafiria, iliyofungiwa kabatini mwa madam, wangeifuatilia ubalozini, hata kwa kelele.

Madam aliziba lango kwa mwili wake. Alisema kwa Kiarabu kwamba Nura haendi popote, halas, yameisha.

Celestine alijipangusa povu kwenye nguo. Alimjibu kwa Kiarabu hichohicho alichofunzwa kwa kufokewa jikoni, polepole, ili kila neno limfikie.

"Nura abaki, madam. Celestine anakwenda kwao."

Akampita begani, miguu mitupu.