Dorka Alivyomfundisha Binti Yangu Kukaa Matangani

Mkono wa kulia wa Mwalimu Dorka Gelua unaishia kwenye kifundo. Aliyeukata ni Kaupa, mumewe, kwa panga la shambani, siku Dorka alipokataa kumchimbia viazi mke mdogo aliyeletwa nyumbani bila yeye kuambiwa. Mimi nilikuwa msichana wakati huo, nachota maji kijitoni chini ya nyumba yao. Niliuona mkono ukianguka kwenye matuta, vidole vikijikunja kana kwamba bado vinataka kushika kitu, na mbwa akaja kuunusa. Dorka hakupiga kelele. Alikaa chini, akazungusha kamba ya mkoba wake juu ya jeraha, akaivuta kwa meno mpaka damu ikapungua.

Ndugu za Kaupa walilipa nguruwe kwa kaka zake Dorka. Nguruwe wakachinjwa, wakazikwa kwenye mawe ya moto, wakaliwa, kesi ikaisha. Dorka hakurudi kwa Kaupa, lakini hakuachika pia. Huku kwetu Simbu, milimani Papua New Guinea, mahari ikishaliwa, mwanamke hubaki mke wa mtu hata akihamia upande wa pili wa bonde.

Kwa mama yake alianza upya kama mtoto mchanga. Shangazi zake walimlisha, wakamvalisha, wakamchana nywele, mpaka akawafukuza, akawaambia wanamgeuza gogo. Mama yake hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akisuka mikoba ya kamba ya kuuza mjini Kundiawa, na akifika mwisho humwachia Dorka fundo la mwisho tu. Dorka alilivuta kwa meno na mkono wa kushoto, na mkoba ukamalizikia kwake. Baadaye akaachiwa mafundo mawili, baadaye ukingo mzima. Alizoea kusema kwamba mtu akishaonja kumaliza, atautafuta mwanzo mwenyewe.

Njia hiyo hiyo ndiyo aliyoikuta inafundishwa mjini Goroka, alipokwenda kwenye mafunzo ya walimu wa watoto wenye ulemavu, pamoja na walimu waliotoka kila pembe ya nchi. Alirudi na cheti na akapewa banda la nyasi pembeni mwa shule yetu. Watoto wa madarasa mengine waliliita banda la kuku. Ndani mlikuwa na msichana asiyeona, kaka yake aliyekuwa akitambaa, na Delma, binti yangu.

Delma hasemi. Anasikia kupita kiasi. Mlio wa sufuria ukianguka unamuumiza kama kofi. Akizidiwa anapiga, akipiga haangalii, na meno yake ni makali. Kabla ya Dorka walimu wawili walimrudisha nyumbani, mmoja akiwa na shavu limechanika. Dorka naye alipigwa wiki ya kwanza, akatoka damu puani, akajifuta kwa kigutu chake, akaniuliza, "Mama Delma, alikuwa anatuambia nini?" Nikamjibu kwamba mtoto huyu hasemi. Akasema mtoto amesema sasa hivi, na pua yake yeye mwalimu imesikia.

Sasa nieleze kilichotuleta kwenye matanga.

Alikufa mjomba wa Kaupa, na tukaenda wote kulia. Kwetu mtu hafi hivihivi, lazima yuko mchawi aliyemroga. Maiti hulazwa katikati ya banda, watu hujipaka udongo wa manjano, wanaingia wakiomboleza, na wenye msiba wanatazama nyuso. Asiyelia ndiye anayejua mtu yule alikufaje. Siku hiyo bibi mmoja, Aina, alichelewa kwa sababu ya goti lake, akafika macho makavu. Siune, mdogo wake Kaupa, alimshika nywele mbele yetu. Wakamfunga kwenye nguzo ya uzio na kumchoma mgongoni kwa chuma kilichotolewa motoni, wakimtaka ataje alikouficha moyo aliomwibia marehemu kwa uchawi. Harufu ya ngozi yake ilichanganyika na ya nguruwe waliokuwa wanabanikwa. Polisi wako Kundiawa, na mvua ilikuwa imekata barabara.

Katika kelele zile Delma aliziba masikio, akaanza kucheka. Hucheka hivyo anapoumia. Siune akamgeukia, akamvuta bega, na Delma akamng'ata mkono mpaka mfupa ukaonekana. Wanawake walitufunika kwa miili yao tukatoka. Siune alisema bila kupaza sauti, akifunga jeraha kwa jani, "Nyumba hii ikifiwa tena, najua pa kuanzia."

Bibi Aina aliishi siku chache tu baada ya hapo.

Nilitaka kumpeleka Delma kwa wazazi wangu, au nimfungie ndani kila ikisikika habari ya kifo. Dorka alikataa. Alisema anayefichwa ndiye anayetafutwa wa kwanza, na mtoto wangu atakuwa amekiri bila kufungua mdomo. Akasema Delma atafundishwa kukaa matangani kama anavyofundishwa kufunga vifungo vya gauni. Mwalimu mkuu alimwambia hilo haliko kwenye mtaala. Dorka akajibu kuwa mtaala wake ni yale ambayo mtoto atauawa asipoyajua, kusoma kutafuata.

Akaanza na mwisho. Mwisho wa kuomboleza ni kuinuka, kutoka bandani na kwenda mtoni kunawa udongo. Delma hupenda maji, kwa hiyo hilo alijifunza kwa furaha. Kila siku Dorka alimpaka tope mashavuni, akamkalisha, akamgusa bega, wakainuka, wakaenda mtoni. Alipozoea hilo, Dorka akaongeza kilichotangulia: kuinamisha kichwa na kuyumba. Kisha kabla ya hapo: kugusa miguu ya maiti. Maiti alikuwa mgomba uliofunikwa blanketi. Watoto wa madarasa mengine walikuja kuchungulia.

"Mwalimu, marehemu wako ameiva?"

"Bado," Dorka akawajibu. "Ingieni mlie, mtapewa ndizi."

Wakaingia kweli, kwa mzaha, wakapiga mayowe kama ya matangani. Delma alimrukia Dorka na kumpasua mdomo. Mimi nilisimama niwafukuze. Dorka akanizuia, akawaomba watulie kidogo, halafu waanze tena kwa sauti ya chini. Ikawa hivyo kwa majuma mengi, wao wakipandisha sauti kidogo kidogo na Delma akipiga, akivumilia, akipiga. Siku moja sauti ilipopanda, alichota tope kwenye kibuyu akajijaza masikioni, pande zote mbili, akakaa. Nikataka kumtoa uchafu ule. Dorka akanishika kiganja.

"Acha. Hilo katufundisha yeye."

Tangu hapo tope la masikioni likawa hatua, likaingizwa kwenye mpangilio wake baada ya tope la mashavuni. Nani angeona? Matangani kila mtu ni udongo mtupu. Na katika mazoezi yote Dorka alikaa kushoto kwa Delma, amepakwa sawasawa na yeye, kigutu chake juu ya blanketi, ili mtoto amwone akifanya. Delma hapendi kitu kipungue. Akikuta kiti kimehama, hukirudisha.

Kisha akafa Kaupa mwenyewe. Alianguka shambani kwake asubuhi, povu mdomoni, na kabla jua halijapanda sana mwito ulishapigwa kutoka mlima hadi mlima. Mtu mwenye nguvu vile, hakuugua hata siku moja. Siune alipita na shoka begani akiwaita vijana, na chuma kikawekwa motoni kabla ya waombolezaji kufika.

Tulijipaka udongo nyumbani kwangu. Kwa haraka yangu nikamwingizia Delma tope jichoni, akanipiga kofi, Dorka akacheka kidogo. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe yuko tayari. Akadhani namwuliza kama Delma yuko tayari, akasema ndiyo. Kabla ya siku hiyo hatukuwa tumewaza, mimi wala yeye, kwamba naye ni mjane na machozi yake pia yatatafutwa. Kwa majuma yote yale tulihesabu machozi ya mtoto tu.

Banda lilijaa. Mke mdogo alikuwa juu ya maiti, anajing'oa nywele. Delma aliingia masikio yakiwa yamezibwa, macho yake kwenye miguu ya Kaupa iliyotokeza chini ya blanketi. Aligusa. Akakaa. Akainamisha kichwa, akayumba, na kutoka kifuani mwake kukaja ule mngurumo wake wa siku zote, ambao nyumbani hutuchosha, na pale ulikuwa kilio kuliko vilio vyote. Siune alisimama mbele yake, kovu la meno mkononi mwake likiwa mbele ya uso wa mtoto. Alimtazama muda mrefu. Kisha akasogea.

Alisogea kwa Dorka. Dorka alikuwa amesimama. Hakukaa kushoto kwa Delma kama mazoezini. Alikuwa anatazama uso wa Kaupa, na udongo wa mashavuni mwake ulikuwa umekauka bila ufa hata mmoja.

"Shemeji," Siune akasema, "machozi yako yako wapi?"

Dorka akamgeukia. "Mkono wangu uko wapi?"

Siune alimpiga kwa mpini wa shoka kwenye taya. Nilisikia mfupa. Dorka alianguka kwenye udongo, Siune akampiga tena mbavuni, na vijana wawili wakamshika miguu kumvuta nje, kulikokuwa na moto. Gauni lake lilipanda mpaka kiunoni. Mama mmoja alijaribu kumshushia gauni, akapigwa teke la tumbo, akajikunja. Mimi nilimshika Delma, kwa kuwa ndiye niliyekuja kumlinda, na nasema kweli, sikuinuka.

Delma akajitoa mikononi mwangu. Nilijua atang'ata, na kwamba safari hii atakufa. Hakumng'ata mtu. Alipita katikati ya vijana wale kana kwamba ni nguzo, akamshika Dorka kwapani, akamvuta upande wa pili kwa nguvu zake zote. Wakamwachia, nafikiri kwa mshangao. Alimvuta mpaka kushoto kwa pale alipokuwa amekaa. Akachota tope lililomwagika kutoka kibuyu cha waombolezaji, akalipaka kwenye mashavu ya Dorka juu ya damu, akajaza na masikio. Akakichukua kigutu, akakiweka juu ya mguu wa Kaupa. Akamsukuma kichwa kikainama. Akakaa upande wake wa kulia, akaanza kuyumba na kunguruma, bega kwa bega, na Dorka akiyumbishwa naye.

Dorka akalia. Kwanza mabega, kisha sauti ikatoka kupitia lile taya lililovunjika, sauti mbaya, kama ya nguruwe aliyechomwa mkuki vibaya. Machozi yalipasua udongo. Wanawake waliuona ufa ule mashavuni mwake, wakapandisha kilio kwa pamoja hata Siune akawa anafungua mdomo bila kusikika. Aliinua shoka. Mama aliyepigwa teke alikuwa ameshatambaa mpaka miguuni pake, anaomboleza hapo hapo, na Siune akawa hana pa kukanyaga.

Delma hakungoja tuliyokuwa tunangoja sisi. Kwake lilikuwa limebaki jambo moja, la kwanza alilolijua na analolipenda. Alimgusa Dorka bega. Akainuka, akamwinua kwa kigutu, akaelekea mtoni. Aliyelia huenda kunawa. Hilo hata mtoto wa Siune analijua. Wanawake waliokuwa nyuma yao waliinuka nao, na wengine nyuma ya hao, mpaka ikawa msururu wa udongo wa manjano kati ya Dorka na chuma kilichokuwa kimeiva motoni. Siune alibaki na shoka lake. Jioni ile aliwaongoza vijana kuvuka bonde, wakachoma nyumba za ukoo mwingine na kumuua mzee mmoja aliyeshindwa kukimbia. Hasira yao ilitakiwa kufika mahali, ikafika huko.

Mtoni Delma aliingia hadi magotini. Alitoa tope sikio moja, akatoa la pili, akasikiliza maji, akapiga makofi. Dorka alikaa juu ya jiwe akitema damu na kipande cha jino. Nilimfunga taya kwa kitambaa changu cha kichwa. Nikamwuliza lililokuwa linanisumbua: alikuwa anamlilia nani, Kaupa?

Aliongea kwa shida, meno yamefungwa.

"Tope liliniingia machoni," akasema. "Mwanao anapaka vibaya. Jumatatu tutarudia hapo."

Delma alikuwa amerudi na maji viganjani. Yakamwagikia njiani yote, akabaki na unyevu tu, akamfuta nao Dorka uso, shavu moja, kisha la pili, kisha masikio, kwa mpangilio.