Mfupa Mdogo Chini ya Kidole Gumba

Jina lake halisi hospitalini lilishasahaulika. Daktari alimwita Mama Plasta, wafagiaji walimwita Mama Plasta, na hata wagonjwa waliofika mara ya kwanza, wameumia na kuchanganyikiwa, walielekezwa hivyo hivyo: shika korido hii mpaka mwisho, ukisikia msumeno wa kukatia plasta unalia, umefika kwa Mama Plasta. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kirefu cha chuma, ndoo ya maji ya vuguvugu, bandeji za plasta, pamba, na sakafu ambayo haikuwahi kukauka tangu ijengwe.

Alikuwa amechoka, na si uchovu wa jana wala juzi. Kila aliyelazwa pale kitandani aliuliza swali moja, mfupa wangu utaunga? Naye, huku akizungusha bandeji iliyolowa, alirudia yale yale. Usiuone mfupa mgumu ukadhani ni jiwe. Uko hai. Nje ni mgumu, ndani una vitundu vitundu kama mkate, na humo damu inapita. Mna wabomoaji na wajenzi, kazini usiku na mchana hata ukiwa mzima. Ukivunjika, kwanza damu inaganda pale pale. Halafu linakuja gegedu laini, linashika vipande visiachane. Baadaye gegedu hilo linageuka mfupa, donge baya baya tu, mpaka wabomoaji walichonge polepole lirudi kwenye umbo. Basi upe damu, upe utulivu, upe muda. "Na ole wako nikuone umekata plasta yangu," alimalizia kila mara. "Wewe si fundi. Umesikia?"

Siku aliyoanguka alikuwa anakwenda kumwaga ndoo. Mguu uliteleza kwenye ujiuji wa plasta, akatanguliza mkono wa kulia kama afanyavyo kila mtu, puu! Alikaa pale pale kwenye majimaji, akabonyeza lile bonde dogo chini ya kidole gumba, na maumivu yakamjibu.

"Aa, jamani," alisema peke yake. "Kwa nini uwe huu?"

Maana katika mifupa yote ya mkono, huo ndio aliouogopa. Ni mdogo, una umbo la korosho, na damu yake nyingi inaingilia upande mmoja tu. Ukivunjika katikati, kipande cha upande wa pili kinabaki kinasubiri damu ivuke. Isipovuka, kinakufa, na kifundo cha mkono kinaharibika taratibu mpaka kushika kikombe kunakuwa kazi, sembuse kuzungusha bandeji. Na mkono wa kulia ndio uliokuwa kila kitu chake.

Picha ya eksirei ilipothibitisha, mwenzake wa zamu, mwanamume mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alimfunga plasta kuanzia karibu na kiwiko mpaka kidole gumba kikafichwa ndani.

"Wewe sina haja ya kukuhubiria," alimwambia.

"Usinihubirie," alijibu.

Akapewa mapumziko, akaenda nyumbani. Mapumziko! Neno tamu hilo, kwa asiyejua nyumbani kwake kulikuwa na nini.

Kulikuwa na mama yake. Bibi wa watu alianguka bafuni mwaka uliotangulia, akavunjika nyonga, na moyo wake haukuwa wa kuhimili upasuaji. Siku ile Mama Plasta alimwinamia akamwambia, "Tulia tu, Mama, utaunga." Alijua kwamba anasema uongo. Kwa umri ule mfupa umeshakuwa mwepesi, wabomoaji wamewashinda wajenzi, na pale shingoni mwa paja damu inapita kwa njia nyembamba ambayo ikikatika, imekatika. Lakini angesemaje? Mama akatulia kama alivyoambiwa, wala hakulalamika. Kila asubuhi binti yake alimnyanyua, akamwosha, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani, ndipo akaenda kazini kufunga plasta za watu wengine.

Mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, alikaa mtaa wa pili tu. Alikuja Jumapili na mfuko wa matunda, akakaa mkao wa mgeni. Akiombwa msaada aliinua mikono yote miwili. "Dada, wewe ndiye unayejua mifupa. Mimi nitamvunjavunja Mama." Aliposikia dada yake kavunjika mkono alisikitika kwelikweli, kisha akasema, "Lakini afadhali, sasa utashinda nyumbani na Mama." Mama Plasta alimtazama akakosa hata nguvu ya kumtukana.

Asubuhi ya kwanza alijaribu kumnyanyua mama na kidole gumba kimefungwa. Mkono haukushika kitu. Mama aliteleza, nusura aende chini, akabaki ananing'inia shingoni mwa binti yake, wote wawili wakihema. Basi Mama Plasta alisubiri mama apitiwe na usingizi, akatoa mkasi wake wa kazi mkobani, akakaa jikoni, na kwa mkono wa kushoto akaikata plasta kuzunguka kidole gumba. Kidogo tu, alijiambia. Akaweka pamba ukingoni isichubue. Kazi safi, usingeitia dosari. Mgonjwa akifanya hivyo alimfokea mpaka korido nzima isikie, lakini yeye si mgonjwa bwana, yeye ni fundi, anajua akitumie kidole kwa kiasi gani. Wapi! Mfupa haujui nani fundi na nani si fundi. Kila asubuhi kidole kilishika, mama akanyanyuka, na kile kilichokuwa kimeanza kushikana ndani ya kifundo cha mkono kikaachia tena.

Siku ya kurudia picha, daktari wa mifupa aliinua filamu kwenye mwanga. Mstari mweusi ulikuwa pale pale, tena umepanuka.

"Nani amekata hii plasta?"

Mama Plasta alifungua mdomo, na yakamtoka yale yale aliyokuwa akiambiwa na wagonjwa miaka nenda miaka rudi. "Ilikuwa inabana, daktari." Mwenzake alikohoa, akatazama ukuta.

"Tutafunga upya," daktari alisema. "Ila ukikichezesha tena kidole hicho, Mama, sina ahadi. Mkono utabaki wa kupungia watu."

Alitoka pale moja kwa moja mpaka kwa mdogo wake, plasta mpya bado ya uvuguvugu.

"Kuanzia kesho asubuhi njoo umnyanyue Mama."

Fundi alisimamisha cherehani. "Dada, si unajua mimi na mambo ya..."

"Sijui! Nimechoka. Lisikie neno hilo vizuri, nimechoka, na mkono wangu unakufa."

Fundi alikitazama kitambaa kilicholala chini ya sindano, akasema ataangalia. Ataangalia! Mama Plasta aliondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi hakuja mtu. Mama Plasta alikunja mkono wa gauni, akainama kitandani kama kawaida. Mama yake akamsukuma kifuani.

"Niache."

"Mama, umelowa."

"Najua nimelowa, nimelowesha mwenyewe. Unadhani sikuusikia mkasi siku ile? Nilivunjika nyonga, masikio mazima. Mkono huo niliubeba tumboni, na jino likaning'oka kwa ajili ya hiyo mifupa yako. Sinyanyuliwi nao tena. Mpigie simu huyo mdogo wako, mwambie nimelala kwenye mkojo na nitalala humu humu mpaka aje."

Fundi alikuja mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni. Mama Plasta alisimama mlangoni akimwelekeza: mkono mmoja chini ya magoti, mwingine nyuma ya mabega, mgeuze mwili wote pamoja, mguu usiuvute. Fundi alitoka jasho, akanyanyua. Katikati ya kazi mkono wa kulia wa Mama Plasta ulijinyoosha wenyewe kwenda kusaidia, kwa mazoea tu.

"Weka chini mkono huo!" mama alifoka, na fundi akashtuka nusura amwachie.

Alipomaliza kumkalisha dirishani alikaa sakafuni. "Kila siku, Dada?"

"Kila siku."

Aliona haya, na ilimstahili. Kesho yake alikuja, na kesho kutwa, akinung'unika njia nzima, lakini alikuja.

Katika picha iliyofuata, juu ya ule mstari mweusi palikuwa na utando mweupe, hafifu. Daktari alitikisa kichwa kuridhia, akasema unaanza kuunga. Mama Plasta alikuwa amechoka mno hata kufurahi. Alirudi nyumbani, akavuta kigoda, akaketi kando ya mama yake dirishani.

"Umeanza kuunga, Mama."

"Mungu ashukuriwe." Mama aliipapasa plasta kwa ncha za vidole. "Na wangu?"

Yale maneno ya kila siku yalikuja mpaka ulimini, damu, utulivu, muda. Safari hii hakuweza.

"Wako hautaunga, Mama. Haukuwa wa kuunga tangu siku ile. Nilikudanganya."

Mama aliendelea kutazama nje. "Nilijua zamani," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuona umeshachoka."

Mama Plasta alilia, kwa sauti.

"Haya, nisogezee mto huo, mgongo unaniuma," mama alisema. "Kwa mkono wa kushoto."

Akamsogezea kwa mkono wa kushoto.