Kitufe Chenye Plasta

Kibodi nyembamba sizipendi, na sitazipenda. Zile za laptop ndizo mbaya zaidi: vitufe bapa kama biskuti, ukibonyeza hujui kama umebonyeza au umepapasa tu. Mimi nataka kitufe kinachozama, kirudi juu kwa nguvu, na kipige kelele hadi mteja aliyekaa nje kwenye benchi ajue kazi yake inafanyika. Sipendi ile ngozi ya plastiki wanayoivalisha kibodi kuzuia vumbi. Sipendi stika za herufi. Steshenari yangu iko Ipogolo, Iringa, barabarani kabisa, malori yanapita mchana kutwa na vumbi lake, na kila Jumamosi nazigeuza kibodi zangu kichwa chini, nazipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Hutoka makombo ya maandazi na vitu vingine ambavyo sitavitaja.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba. Baba alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali Mbeya, zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo kwenye mashine za taipu. Tulipokuwa wadogo alitufundisha kuchapa huku ametufunika mikono kwa taulo, tusiangalie vidole. Ukiangalia, anakugonga kichwani kwa rula, kidogo tu. Ofisi ilipoingiza kompyuta alijichagulia kibodi moja nzito, ya rangi ya maziwa ambayo baadaye iligeuka kuwa ya chai, na alipostaafu wakampa aende nayo. Herufi zake zilikuwa zimefutika. A ilikuwa ya kwanza kuondoka, maana Kiswahili kinaila A kuliko herufi nyingine zote, ikafuata I, ikafuata K. Mgeni akikaa kwenye kibodi ile alikuwa kama kipofu sokoni. Baba alikuwa akicheka sana.

Nilimpelekea kompyuta ya zamani nyumbani Uyole, kule kule Mbeya, na kwa hiyo akawa anawachapia majirani wasifu wa marehemu. Asubuhi ya mazishi ndugu wa marehemu wanakuja, wanakaa kwenye makochi yetu, baba anauliza: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, watoto wangapi, waliotangulia wangapi. Wanabishana, yeye anangoja vidole vikiwa juu ya vitufe. Wakikubaliana, anachapa. Hakutaka shukrani yoyote zaidi ya kikombe cha chai.

Mama alipofariki, nilimchukua baba nikaja kukaa naye Iringa. Alikuja na sanduku moja, na kibodi yake ameifunga kwenye khanga ya mama. Nikampa mashine ya pili pale dukani. Wateja walimpenda. Wanaingia, wanamsalimia kwa lugha ya Iringa, "Kamwene, babu," yeye anawajibu kwa Kinyakyusa makusudi, wanacheka wote. Barua zake zilikuwa safi, pembe zimenyooka, hakuna kosa. Nilijisifu kwa watu kwamba duka langu lina mpiga chapa wa kweli, si hawa wa vidole viwili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mashine ya taipu aliyojifunzia baba haikuwa na kitufe cha moja. Mashine nyingi za zamani zilikuwa hivyo. Ukitaka kuandika moja, unapiga L ndogo, na kwenye karatasi hakuna anayeona tofauti. Baba aliandika hivyo miaka yote, hata kwenye kompyuta, kidole chake cha kulia kinakwenda chenyewe. Mazoea yana taabu. Nilijua hilo tangu utotoni, tulikuwa tukimtania. Nilijua, na bado nikamkalisha kwenye mashine ya kujaza maombi ya mtandaoni. Nalisema hili mwanzoni ili nisije nikaonekana mwema huko mbele.

Alikuja binti kutoka Kalenga, anaomba chuo cha uuguzi. Anwani yake ya barua pepe ilikuwa na kumi na moja mwishoni. Mimi nilikuwa na foleni ya watu wa kopi, nikamwambia baba amsaidie. Alimjazia kwa upole wote, akamsomea kila kitu mara mbili, binti akaenda zake anafurahi.

Wiki zikapita. Binti akarudi na mama yake. Wenzake walikuwa wameitwa kwenye usaili, yeye hakupata barua yoyote. Nilipiga simu chuoni, wakaniambia wito ulitumwa kwenye anwani ile ile iliyojazwa, na usaili umekwisha. Nikafungua fomu yake, nikaikuza anwani ile kwenye skrini. Zile moja mbili hazikuwa moja. Zilikuwa L.

Hasira hasara, wanasema, na mimi nimezaliwa na zangu. Duka lilikuwa limejaa. Nikamgeukia baba yangu mzazi, nikamwonyesha skrini.

"Baba, hii ni nini?"

Aliinama, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. "Kwenye mashine yetu moja haikuwepo, mama," alisema. Aliniita mama siku zote, kama wazee wanavyowaita binti zao.

"Hiyo mashine ilikufa, baba! Umemharibia mtoto wa watu maisha yake. Kaa pembeni kabla hujaniulia na duka."

Nilisema hivyo. Mbele ya wateja, mbele ya yule binti, ambaye alianza kulia, na hata yeye alisema, "Basi dada, msimgombeze babu." Baba alichomoa kibodi yake, akaifuta kwa kiganja, akamwendea mama wa binti, akamwomba radhi akiwa amesimama kama mtoto wa shule. Kisha akanigeukia akasema, "Nimekusikia." Kesho yake asubuhi aliomba nimkatie tiketi ya Mbeya. Nilimkatia.

Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha Krismasi. Krismasi duka likawa na kazi nyingi. Tulikuwa tukiongea kwenye simu, mvua imenyesha, viazi vimetoka vizuri, mguu unauma kidogo. Habari ya kibodi hatukuigusa, wala yeye wala mimi. Nilidhani ameshasahau.

Mwaka uliofuata binti yule aliomba tena, safari hii nikamjazia mwenyewe, na akachaguliwa. Alikuja dukani na mfuko wa karanga. "Babu yuko wapi? Nimemletea." Nikamwambia yuko Mbeya, nitamwambia. Karanga tulizitafuna pale pale, mimi na wateja. Kumwambia baba ilinibidi kwanza nilitaje lile jambo, na kulitaja kulinilazimu kusema samahani, kwa hiyo nikawa nasogeza mbele, wiki hii, wiki ijayo. Mtu anaweza kusogeza neno moja hivyo zaidi ya mwaka mzima, na asijione mbaya hata kidogo.

Baba alifariki alfajiri, shangazi akiwa anamchemshia maji. Nilifika Uyole nyumba imejaa watu. Siku ya mazishi, asubuhi, shangazi alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa baba. Huyu ni mdogo wake, ndiye aliyekuwa akiishi naye tangu aliporudi kutoka kwangu. Akasema wasifu upo tayari, kaka aliuchapa mwenyewe, amebakiza tarehe tu. Mchungaji anausubiri.

Nilikaa kwenye kiti chake. Kibodi ilikuwa pale pale, ya rangi ya chai, haina herufi. Nilijua kila kitufe bila kuangalia, taulo lilifanya kazi yake. Lakini juu kushoto, kwenye kitufe cha moja, alikuwa amebandika kipande cha plasta ya kidonda. Ilikuwa imechakaa, imeingia weusi wa kidole.

"Alikuwa anajifunza upya," shangazi alisema. "Kila siku akishakunywa chai. Nikamwambia kaka, umri huu unajifunza nini? Akasema anakifundisha kidole."

Pembeni ya faili la wasifu kulikuwa na jingine, halina jina. Nililifungua. Ilikuwa ni anwani ile, ya binti wa Kalenga. Mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna kingine. Kurasa za mwanzo zilikuwa na L nyingi. Nilizikuza nikaziona. Kadiri nilivyoshuka zikawa zinapungua, na kurasa za mwisho kila kumi na moja ilikuwa kumi na moja ya kweli. Baba yangu, mpiga chapa wa miaka thelathini na ushee, alikuwa amekaa hapa peke yake akirudia kosa moja mpaka liishe. Nililia kwa sauti, na watu wa sebuleni wakadhani nalilia kifo.

Shangazi alinisubiri nitulie. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Tangu umefika nataka kukuuliza. Huyo binti wa Iringa, alipata chuo? Kaka alikuwa anamtaja sana, anamwombea kila jioni. Nikamwambia si umpigie mwanao umuulize. Akawa anaogopa."

"Alipata," nilisema.

"Ndaga fijo, asante sana, Mungu wangu. Lini?"

"Mwaka jana."

Shangazi alinitazama. Akajifunga khanga yake vizuri kiunoni. Nikageukia skrini, kwenye ile nafasi aliyoiacha baba. Alikuwa amefariki tarehe kumi na moja. Nilibonyeza plasta mara mbili.