Bangili Ndani ya Mchele

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nilianza kwa kubeba mizigo soko la Balad, leo nina duka mtaa wa kitajiri wa Olaya, na shule sikuijua. Lakini mwaka jana mlinzi wangu alimpekua mkoba mteja wa Kinawari, hawa watu wa kuhamahama ambao kila mtu huwaita wezi, nami nikaisikia harufu ya bati la moto.

Nilikuwa mdogo, kwetu Jeddah. Mwanamke wa Kinawari alikaa mlangoni akitia bati sufuria za shaba za mama, nyundo ikigonga taratibu.

"Mchunge huyo, mwanangu," mama alininong'oneza.

Nikaona kuchunga hakutoshi, nikaificha bangili ya mama ndani ya gunia la mchele.

Mama alipoikosa alimshuku Mnawari, naye akaumwaga mfuko wake chini. "Tafuta, bibi. Ukikosa, niombe radhi."

Mama alitafuta, hakuikuta. "Nenda zako. Na ujira hupati."

Aliponitazama nilidhani anataka kuniiba, nikanyamaza. Leo najua alikuwa akiningoja niseme ukweli.

Yule mteja wa dukani alinishtaki kwa kupekuliwa. Wakili wangu alitaka tubishe, nikakataa. Nilimlipa fidia yote aliyodai, riyali elfu tatu mia mbili na hamsini.